Mchoro kama Hati ya Ardhi: Wasanii Wenyeji wa Asili wa Australia

Miongoni mwa wenyeji wa asili wa Australia, mtu hachori kisima, mlima au mdomo wa mto kwa kuwa umempendeza tu. Huchora mahali alipo na haki ya kupachora. Haki hiyo hurithiwa kwa baba, kwa mama au kwa bibi, wakati mwingine hutokana na mahali mtu alipozaliwa, na huthibitishwa na wazee wanaojua nyimbo na ngoma za mahali hapo. Nayo ina kazi zake: kutunza maji, kuchoma nyasi kwa msimu wake, kufanya matambiko, kufundisha vijana. Kwa hiyo anayetaka kuielewa sanaa hii, ambayo leo hununuliwa na makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani, afadhali aanze na umiliki kabla ya kufika kwenye uzuri. Mchoro husema nani mwenye mahali na nani wa kuulizwa. Nguvu zake zote, na sehemu kubwa ya matatizo yake, hutoka hapo.

Watu wameishi katika bara hilo kwa zaidi ya miaka 50,000. Waingereza walipoanzisha koloni lao mwaka 1788, zilikuwepo lugha zaidi ya 250, na kila kundi lilikuwa na nchi yake yenye mipaka iliyojulikana kwa majirani. Mipaka hiyo ilikaa katika masimulizi ya mababu wa mwanzo, wengine wenye umbo la watu, wengine mamba, nyoka, mvua au moto, waliosafiri wakiiumba ardhi. Walipolala, walipopigana, walipozama, palibaki alama: kisima, jabali, bonde. Watu wa Jangwa la Magharibi huuita mfumo huo wa sheria na asili Tjukurpa. Safari moja ya babu yaweza kukata mamia ya kilomita na kupita katika nchi za koo nyingi, kila ukoo ukishika kipande chake cha wimbo, cha ngoma na cha michoro. Michoro yenyewe iliwekwa mwilini, mchangani, miambani, kwenye ngao na kwenye magome ya miti. Turubai na rangi za dukani ni mambo ya juzi. Sheria ya kikoloni, kwa upande wake, iliihesabu ardhi yote kuwa haikuwa na mwenyewe, na msimamo huo haukuvunjwa mpaka hukumu ya kesi ya Mabo mwaka 1992.

Mchoraji wa kwanza kujulikana nchi nzima alikuwa Albert Namatjira, aliyezaliwa 1902 katika misheni ya Kilutheri ya Hermannsburg, katikati ya bara. Alijifunza rangi za maji kwa mchoraji mzungu, Rex Battarbee, na maonesho yake ya Melbourne mwaka 1938 yalimaliza kazi zote ukutani. Wanunuzi waliona mandhari ya milima na mikalitusi kwa mtindo wa Kizungu. Wahakiki wengi walimdharau kwa sababu hiyohiyo, wakamwita mwigaji, na ilichukua miongo kadhaa kabla hawajakiri kwamba milima ile ilikuwa ya nchi za wazazi wake na kwamba aliichagua kwa kujua. Umaarufu haukumpa ardhi. Aliomba kukodi eneo la malisho akanyimwa. Alitaka kujenga nyumba mjini Alice Springs akakataliwa. Mwaka 1957 alipewa haki kamili za uraia ambazo wenzake hawakuwa nazo, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo kwa kosa la kumpa pombe mtu wa jamii yake. Alifariki 1959. Hata hakimiliki za kazi zake ziliuzwa na ofisi ya serikali kwa kampuni ya uchapishaji mwaka 1983, na hazikurudi kwa familia mpaka 2017.

Kaskazini, katika Arnhem Land, Wayolngu walisema waziwazi kile ambacho kwa Namatjira kilibaki kimefichika ndani ya mandhari. Mwaka 1963 serikali ilimega zaidi ya kilomita za mraba 300 za hifadhi yao ili kampuni ichimbe boksiti, bila kuwauliza. Wakati huohuo wazee wa Yirrkala walichora mbao mbili za kuwekwa kanisani, kila moja na urefu wa karibu mita 4. Moja ilikuwa ya koo za upande wa Dhuwa na nyingine ya koo za upande wa Yirritja, pande mbili zinazogawana kila mtu, mnyama na mahali katika ulimwengu wao. Kisha wakapiga taipu ombi kwa Bunge, kwa lugha yao na kwa Kiingereza, wakabandika karatasi kwenye magome ya mti na kuzungushia pembeni michoro ya koo kwa rangi za udongo. Bunge lilizoea kupokea karatasi. Safari hii lilipokea karatasi pamoja na ushahidi wake. Kamati iliundwa, ikakubali kwamba wenyeji walikuwa na manung'uniko ya haki, na mgodi ukaendelea. Walipokwenda mahakamani walishindwa mwaka 1971: jaji alikiri kuwa wana mfumo wa sheria ulio imara, lakini akasema mfumo huo si umiliki wa mali kwa mujibu wa sheria ya Kiingereza. Kushindwa huko kulileta tume ya uchunguzi, na tume ikaleta Sheria ya Haki za Ardhi ya Northern Territory ya mwaka 1976. Magome ya 1963 yanaoneshwa katika jengo la Bunge, Canberra.

Wayolngu ni watu wa bahari vilevile, jambo ambalo watawala wengi hawakulitia maanani. Kabla ya Waingereza kufika huko, wavuvi wa Makassar walikuja kila msimu wa pepo kuvuna jongoo bahari kwa ajili ya soko la China, biashara iliyodumu mpaka 1907, na mashua zao bado zimo katika michoro ya magome na ya miamba. Pwani hiyo iko kwenye ukingo wa mtandao mpana wa Bahari ya Hindi: mwaka 1944 askari mmoja aliokota katika Visiwa vya Wessel sarafu kadhaa za kale, na tano kati yake zilikuwa za shaba za masultani wa Kilwa. Wanahistoria hawajakubaliana zilifikaje. Kwa Wayolngu wenyewe jambo kubwa ni kwamba bahari ina wenyewe kama ilivyo nchi kavu, na wageni waliifahamu hivyo.

Dai hilo lilipata umbo la sanaa mwaka 1996, pale Djambawa Marawili, kiongozi wa ukoo wa Madarrpa, alipokuta kambi ya wavuvi haramu katika ghuba ya Blue Mud Bay na kichwa cha mamba kilichokatwa ndani ya gunia. Mahali hapo ni makao ya Bäru, babu mamba wa ukoo wake. Wasanii 47 wa eneo hilo walijibu kwa kuchora magome 80 yanayoonesha maji ya chumvi ya kila ukoo: mikondo, miamba, mahali maji baridi yanapokutana na maji ya bahari. Mkusanyo huo ulizungushwa katika miji ya Australia kisha ukachukuliwa na makumbusho ya taifa ya bahari mjini Sydney. Mwaka 2008 Mahakama Kuu, iliyo ya juu kabisa nchini humo, iliamua kwamba maji yanayopwa na kujaa juu ya ardhi ya wenyeji yako chini ya mamlaka ya wenye ardhi, na mvuvi yeyote lazima apate ruhusa yao. Uamuzi huo uligusa karibu asilimia 80 ya ukanda wa pwani wa Northern Territory. Mahakama ilihukumu kwa vifungu vya sheria, lakini madai yenyewe yalikuwa yamekwisha kutangazwa kwa umma kwa magome yale miaka kadhaa kabla.

Jangwani mambo yalianza kwa njia nyingine. Papunya, magharibi ya Alice Springs, ilikuwa makazi yaliyojengwa na serikali kuwakusanya Wapintupi, Waluritja, Wawarlpiri na Waanmatyerr ili wazoezwe maisha ya Kizungu. Mwaka 1971 mwalimu Geoffrey Bardon aliwatia moyo wanaume wazima wa hapo kuchora kwenye ukuta wa shule. Walichora safari ya sisimizi wa asali, ambayo hupita palepale Papunya. Yaani katika shule iliyojengwa ili wasahau, wenye nchi waliandika ukutani kwamba shule imejengwa katika nchi ya nani. Ukuta huo ulipakwa rangi na kufutwa mwaka 1974. Lakini wachoraji walikuwa wamehamia kwenye vipande vya mbao, na mwaka 1972 wakaanzisha kampuni yao wenyewe, Papunya Tula Artists, ambayo ipo hadi leo.

Mbao za mwanzo zilizua tatizo ambalo halijaisha. Baadhi zilionesha waziwazi zana za ibada na mambo ya siri ya wanaume, labda kwa kudhani zinakwenda mbali na hazitarudi. Zilipooneshwa hadharani, wazee wa makundi jirani walikasirika. Msomaji aliyekulia penye jando na unyago hatahitaji kuelezwa kwa nini: kuna mafunzo ambayo kuyatoa nje ya zamu yake ni kuyaharibu, na aliyeyatoa hudaiwa. Wasanii wakapunguza vitu vya wazi, wakavifunika, na nukta ambazo awali zilikuwa pambizo zikatanda mchoro mzima. Wanunuzi wa mijini walizipenda nukta hizo kama urembo wa kisasa, wengi bila kujua kuwa sehemu ya kazi yake ni kuziba. Makumbusho ya Darwin, yanayohifadhi zaidi ya mbao 200 za miaka hiyo, bado huwauliza wazee ni zipi zioneshwe na zipi zikae stoo. Sanaa inayotunza utamaduni kwa kuuonesha huku ikiutunza kwa kuuficha si jambo jepesi kuliandikia maelezo ya ukutani, na maelezo mengi ya makumbusho hulikwepa.

Uwezo huohuo wa kusema na kunyamaza uliifikisha turubai mahakamani. Baada ya sheria ya mwaka 1993 kuruhusu madai ya haki ya asili ya ardhi, watu wa Jangwa Kuu la Mchanga, huko Kimberley, walijikuta na kikwazo: wazee hawakuzungumza Kiingereza cha mahakama, na wanasheria hawakujua lugha zao. Mwaka 1997, mahali paitwapo Pirnini, wasanii zaidi ya 40 walichora pamoja turubai ya mita 8 kwa 10, ikiwa na visima na mabwawa ya maji ya nchi yao yote. Maofisa wa baraza la madai walipofika, ilitandikwa chini, na kila shahidi akaenda kusimama juu ya sehemu yake na kuielezea kwa lugha yake. Ilionekana nani anasimama wapi, na nani hathubutu kukanyaga sehemu ya mwenzake. Haki yao ya zaidi ya kilomita za mraba 70,000 ilitambuliwa mwaka 2007. Watu wa Spinifex, walioondolewa katika nchi yao wakati wa majaribio ya mabomu ya nyuklia ya Uingereza huko Maralinga, walikuwa wametangulia. Michoro miwili mikubwa, mmoja wa wanaume na mmoja wa wanawake, iliingia katika madai yao, na haki yao ilitambuliwa mwaka 2000.

Hukumu, hata hivyo, haimweki mtu jangwani. Kinachomweka ni maji, gari, dawa na fedha, na katika makazi mengi ya mbali sanaa ni moja ya njia chache mno za kupata kipato kisicho cha ruzuku. Mfano wa Wapintupi unaeleza zaidi kuliko takwimu. Mwaka 1981 waliondoka Papunya wakarudi kwao Walungurru, panapoitwa pia Kintore, karibu na mpaka wa Australia Magharibi. Miaka michache baadaye maradhi ya figo yalianza kuwarudisha Alice Springs, kilomita 500 hivi, kwa sababu mashine za kusafisha damu zilikuwa mjini tu. Wazee wenye nyimbo walikuwa wakifia mbali na mahali nyimbo zinapoimbwa. Mwaka 2000 wachoraji walitoa kazi zao, zikiwemo turubai kubwa za pamoja, zikapigwa mnada Sydney na kuleta zaidi ya dola milioni 1. Mwaka 2004 mashine zilianza kufanya kazi Kintore kwenyewe, na shirika lililotokana na mnada huo sasa huhudumia makazi mengi ya mbali. Ni vigumu kutaja mahali pengine ambapo michoro ya nchi imewarudisha watu katika nchi iliyochorwa kwa njia ya moja kwa moja kiasi hicho.

Wanawake wa jangwa wana njia yao. Mradi wa Tjanpi ulianza 1995 chini ya baraza la wanawake la NPY, kwa mafunzo ya kusuka vikapu vya nyasi, na leo una wasusi zaidi ya 400. Mwaka 2005 kundi la wanawake wa Blackstone lilishinda tuzo kuu ya sanaa ya wenyeji, ile inayotolewa Darwin tangu 1984, kwa gari aina ya Toyota lililosukwa kwa nyasi, lenye ukubwa wa gari halisi. Watu walicheka, na walistahili kucheka. Lakini pasipo gari hilo hakuna safari ya kwenda kuvuna nyasi, na katika safari hizo ndipo bibi humwonesha mjukuu kisima kilipo, mizizi inayoliwa, na mahali pasipokwendwa.

Emily Kame Kngwarreye wa Utopia, aliyezaliwa kama mwaka 1910, alikuwa amechora vifua vya wanawake kwa ngoma za awelye maisha yake yote. Alianza batiki mwaka 1977, akashika turubai akiwa na umri wa karibu miaka 80, na kabla ya kufariki 1996 alikuwa ameacha kazi zipatazo 3,000. Wahakiki walimlinganisha na wachoraji wa New York ambao hakuwa amewaona. Yeye alipoulizwa anachora nini, alitaja viazi mwitu, mbegu, mvua, na nchi yake yote ya Alhalkere.

Bei zilivyopanda, ndivyo madalali walivyosogea. Uchunguzi wa Seneti mwaka 2007 ulisikia habari za wachoraji wazee waliowekwa katika vyumba vya mjini na kuchora kwa ujira wa magari mabovu au pombe. Mwaka huohuo mchoro Warlugulong wa Clifford Possum Tjapaltjarri, ulioondoka kwa mchoraji miaka 30 nyuma kwa dola 1,200, ulinunuliwa na jumba la sanaa la taifa kwa dola milioni 2.4. Mchoraji alikuwa amekwisha kufariki. Sheria iliyoanza kutumika 2010 inampa msanii au warithi wake asilimia 5 kila kazi inapouzwa upya, kiasi kidogo, ingawa kwa familia ya jangwani si haba.

Wizi wa michoro una historia ndefu zaidi. Noti ya dola moja ya mwaka 1966 ilibeba mchoro wa David Malangi, aliyekuwa hai na hakuulizwa. Baadaye alipewa dola 1,000, medali na zana za uvuvi. Katika kesi ya mazulia ya 1994, kazi za wasanii kadhaa, akiwemo Banduk Marika wa Yirrkala, zilinakiliwa kwenye mazulia yaliyofumwa Vietnam. Uzito wa kosa haukuwa wa fedha tu. Kwa sheria ya Wayolngu aliyepewa mchoro ndiye anayewajibika kwa ukoo ukitumiwa vibaya, hata kama yeye mwenyewe ameibiwa, na hapa mchoro wa bwawa takatifu ulikuwa wa kukanyagwa kwa viatu. Jaji alilitambua dhara hilo la kiutamaduni katika fidia. Mwaka 1998, katika kesi ya Johnny Bulun Bulun, mahakama ilikwenda mbele kidogo: ilikubali kwamba msanii ana wajibu wa uaminifu kwa ukoo wake anapotumia mchoro wa ukoo. Ilikataa, hata hivyo, kwamba ukoo wenyewe ni mmiliki wa hakimiliki, na hapo ndipo sheria imesimama. Hakimiliki humlinda mtu mmoja na hufa miaka kadhaa baada yake. Mchoro wa ukoo hauna mtungaji wala mwisho. Bidhaa za watalii zinaonesha pengo hilo. Tume ya serikali iliyochunguza soko mwaka 2022 ilikuta kwamba zaidi ya nusu ya vikumbusho vya “mtindo wa kienyeji” havikutengenezwa na wenyeji. Serikali iliahidi mwaka 2023 kutunga sheria mahususi ya kulinda maarifa hayo.

Ndani ya jamii zenyewe utaratibu haujagandishwa. Kituo cha sanaa cha Yirrkala kilishika kanuni kwamba anayechora nchi achore kwa vitu vya nchi: gome, udongo, mti. Gunybi Ganambarr aliichukua kanuni hiyo neno kwa neno. Aliokota mabati, mipira ya kusafirishia madini na mabaki ya ujenzi yaliyotupwa, akayachonga michoro ya ukoo, kwa hoja kwamba vimekutwa juu ya ardhi hiyo na kwa hiyo ni vya ardhi hiyo. Wazee wakakubali. Mwaka 2018 alishinda tuzo kuu ya Darwin kwa bamba la alumini. Zana zimebadilika kabisa, na mwenye haki ya kuchora ni yuleyule. Hiyo ndiyo mipaka ambayo wazee huilinda, na wale wanaolalamikia alumini hulinda kitu kingine.

Kusini mashariki, ambako ukoloni ulianza na kuuma zaidi, hali ni tofauti. Lugha nyingi zilinyamazishwa, ardhi ikawa mashamba na miji, na msanii mara nyingi huanzia kwenye nyaraka za wakoloni. Archie Moore, Mkamilaroi na Mbigambul, alipata Simba wa Dhahabu katika maonesho ya Venice mwaka 2024 kwa kazi iliyojaza kuta nyeusi kwa chaki, akiandika ukoo wake nyuma hadi miaka 65,000. Katikati aliweka marundo ya taarifa za uchunguzi wa vifo vya wenyeji waliofia mikononi mwa polisi na magereza. Wachoraji wa Papunya walikuwa na njia za mababu za kuzifuata. Yeye alikuwa na majina, mapengo na mafaili ya serikali, na akayafanya yatoe ushahidi dhidi ya walioyaandika.

Mavazi ya ngozi ya posamu huko Victoria yanaonesha kwamba hata kilichokatika huweza kuungwa. Vazi hilo lilishonwa kwa ngozi nyingi na kuchorwa upande wa ndani alama za nchi ya mwenye kulivaa. Likaongezwa ngozi alivyokua, na aghalabu alizikwa nalo. Mablanketi ya serikali yaliliua. Katika makumbusho ya Melbourne yalisalia mawili ya zamani, la Lake Condah na la Maiden's Punt. Mwaka 1999 Vicki Couzens, Debra Couzens, Treahna Hamm na Lee Darroch waliyachunguza na kushona mapya kwa kufuata mishono na michoro yake, kisha wakazunguka jamii moja baada ya nyingine wakifundisha. Katika ufunguzi wa Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne mwaka 2006, wazee wa makundi ya Victoria walivaa kila mmoja vazi la nchi yake. Ngozi hununuliwa New Zealand, kwa sababu Australia mnyama huyo analindwa na sheria, ilhali ng'ambo huwindwa kama mharibifu wa misitu. Alama zinazochomwa ndani yake hazinunuliwi: kila jamii hukaa na wazee wake kuamua mto upi, ziwa lipi na mnyama yupi achorwe, na pale kumbukumbu zinapopungua, mazungumzo hayo huwa marefu kuliko ushonaji.